Jozi Mbili Zilizobaki Mlangoni

Mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Hilo nataka ulijue mapema, usije ukadhani unasoma habari za mwoga. Niliteremka kwenye meli ya mizigo kule Göteborg na koti la kuazima na darasa la nne kichwani, basi. Leo nina magari mawili ya mizigo, ubavuni yameandikwa jina langu kwa herufi za manjano ambazo hata kipofu wa jicho moja anazisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Wenye digrii wanasimama kwenye theluji kungoja basi, mimi nawapita nikiwapigia honi.

Kazi yangu ni kuhamisha vitu vya marehemu. Hapa Stockholm mtu akifa, watoto wako mbali, mwenye jengo anataka nyumba yake mwisho wa mwezi. Wananiita mimi. Tunakubaliana bei moja, nabeba kila kitu kuanzia pazia mpaka kijiko, naacha sakafu inang'aa. Cha kuuzika nakipeleka kwenye meza yangu Skärholmen, soko la mitumba lililo chini ya maegesho ya magari. Nimekuta meno ya dhahabu ndani ya kopo la sukari. Nimekuta chatu hai bafuni, ana njaa. Mke wangu hunitania kwamba malaika wa mauti akimaliza kazi yake, funguo ananiachia mimi.

Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia kuna watu wawili walikuja kwake, wakakaa, wakazungumza, na hawakuwa watu, utamwambia alikuwa amelewa? Pombe sinywi. Ndoto? Ilikuwa alasiri na nyumba imejaa wageni. Haji Kasule alikuwepo, mtu aliyekwenda Makka, muulize. Yeye atakueleza vizuri kuliko mimi, maana yeye hana sehemu ya kuruka. Mimi ninayo, na nimeahidi kwamba leo siiruki.

Ilianza na nyumba moja ya Sundbyberg, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Aliyenipa funguo alikuwa bibi wa Kiswidi, jina lake Gunnel, mwembamba, kofia ya sufu imemshuka mpaka nyusi. Ndani alikataa kuingia. Tulisimama kwenye ngazi akanieleza kwamba nyumba ni ya binti yake Karin na mume wake Olle. Vijana hao walikuwa wamezunguka miji mikubwa ya Asia kwa miezi kadhaa, mabegi mgongoni, wakilala nyumba za wageni za bei ya kutupa. Kalkuta, Bangkok, Singapuri, Hong Kong. Wakarudi salama, hata mafua hawana. Wakamwalika mama yao aende Jumapili wamwonyeshe picha. Jumamosi, siku moja kabla, wakaenda ziwani kuteleza na vile viatu vya chuma, barafu ya mwisho wa majira. Ikakatika.

Wamepita Asia nzima salama, wamekuja kufa nusu saa kutoka nyumbani. Bibi akaendelea kulipa kodi ya nyumba ile mpaka majira ya baridi mengine yakaingia, kwa sababu hakuweza kuifungua.

"Chukua vyote," aliniambia. "Ila boksi la slaidi niwekee. Mimi sijaziona."

Slaidi ni zile picha ndogo ndogo ndani ya fremu, unazitia kwenye mashine yenye taa, zinatokea ukutani kubwa kama mlango. Nikamwambia, mama, hesabu tayari unazo. Na wallahi nilikusudia hivyo. Nilizikuta chini ya kitanda pamoja na projekta yake, na mabegi mawili ya buluu yaliyoshonewa vitambaa vya bendera. Nikaviweka kando, kwenye kiti cha mbele cha gari.

Ningevipeleka siku ile ile. Lakini jioni ile kulikuwa na harusi.

Harusi ilikuwa ya Mrundi mmoja, ukumbini Skärholmen, na meza yetu alikaa Injinia Kilonzo. Huyu ni Mkenya, alikuja kusoma akabaki, ana ofisi yake Kista na kompyuta mbili. Si mtu mbaya, mdomo wake tu ndio umesoma kumzidi. Usiku ule alikuwa anasimulia Singapuri. Kampuni yake ilimpeleka kwa siku nne, hoteli ina bwawa la kuogelea juu ya paa. Watu wote wamemgeukia. Mimi nikajaribu kuingiza habari za gari langu jipya, hakuna aliyegeuka. Nikasema Singapuri nayo si mahali pa kuzungumziwa hivyo.

"Wacha, Baba Salma," akasema Kilonzo. "Asia yako wewe ni ile ya kwenye kabati za wafu. Sisi tulipanda ndege."

Meza nzima ikacheka. Hata Haji Kasule, Mganda mpole, dereva wa basi, aliyekimbia kwao bila hata viatu na hajapata kumcheka mtu, alijifuta machozi.

Hapo ulimi wangu ukaondoka peke yake. Nikasema kwamba majira ya baridi yaliyopita, zile wiki ambazo hamkuniona, mimi na Mama Salma tulikuwa huko. Si Singapuri peke yake. Kalkuta, Bangkok, Hong Kong. Na si kwa hoteli za kampuni, kwa mabegi ya mgongoni, kama vijana.

Kweli hawakutuona wiki zile. Tulikuwa kaskazini kabisa, tunasugua mabweni ya wakata miti, mimi na mke wangu kwa magoti, kwa sababu gari la pili lilikuwa na deni. Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje mtu kwamba bosi mwenye jina ubavuni mwa gari anakwangua choo cha wakata miti? Afadhali Asia.

Mama Salma aliinamia sahani yake, akaanza kupanga mifupa ya kuku.

"Basi tuonyeshe picha," akasema Kilonzo.

Haji Kasule akadakia kwa nia njema. Akasema kikao kijacho cha chama kifanyike kwangu, picha tuzione, na lile jambo letu tulimalize. Jambo lenyewe ni hili. Tuna chama cha kuzikana, Watanzania, Wakenya, Waganda na Warundi wachache, Waislamu kwa Wakristo. Kila nyumba inatoa chake, ili mmoja wetu akifia kwenye theluji hii asirudishwe kwao kwa kuombaombewa. Mweka hazina alikuwa amehamia Kanada, na jina langu lilikuwa linatajwa. Nilikitaka cheo kile kuliko gari la tatu. Hebu fikiri mwenyewe, mtu wa darasa la nne, ameshika amana ya maiti za wasomi.

Siku tatu baadaye Bibi Gunnel akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye anayenisumbua. Akauliza kama boksi lilionekana.

Nikamwambia halikuwemo. Nikamwambia huenda lilikwenda na takataka, vijana wangu hawakujua, samahani sana.

Akanishukuru. Umesikia? Alinishukuru.

Jioni ile niliketi chini nikazichambua slaidi zile kama mchele. Zenye barabara, masoko, majumba marefu, nikaziweka upande. Zenye sura zao, Karin anacheka, Olle anakula, nikazitia ndani ya mfuko wa plastiki nikazisukuma nyuma ya kabati. Unaona nilichokuwa nafanya? Nilikuwa nawatoa watu kwenye safari yao ili nipate nafasi ya kuingia mimi.

Mama Salma hakunisaidia. Alisimama mlangoni, ananitazama ninavyojaribu mashine. Mimi sikujua kwamba slaidi hutiwa kichwa chini, basi Bangkok ikatokea ukutani inaning'inia kama popo.

"Huko tulikokwenda watu wanatembelea vichwa?" akauliza.

Nikamwambia asianze. Akaniambia kitu kimoja tu, kwamba yale mabegi niliyoyaning'iniza ukumbini ili wageni wayaone hayakauki. Niliyaweka juu ya bomba la kupasha joto, nguo ya mvua hapo hukauka usiku mmoja. Wiki nzima matako yake yalikuwa mabichi, na chini yake sakafuni kulikuwa na maji kiasi cha kiganja. Nilimwambia ni jasho la ukuta. Mimi si mtu wa kushtushwa na kitu.

Jumapili ikafika. Desemba hapa, kama hujafika, jua ni mgeni wa kupiga hodi na kuondoka. Saa tisa alasiri palikuwa giza kama saa mbili usiku kwetu Tanga. Wageni wakaja, watu kumi na kitu, wakavua viatu mlangoni kama ilivyo desturi yetu na desturi ya wenye nchi pia, viatu vikajaa ukumbi mzima. Mama Salma akapika pilau na kahawa ya tangawizi. Nikazima taa, nikapiga magoti nyuma ya projekta, nikatoa hotuba fupi. Ilikuwa hotuba ya mtu aliyezoea viwanja vya ndege.

Nilipoinua kichwa niliwaona. Kwenye lile benchi lililo karibu na mlango wa roshani walikaa Waswidi wawili, kijana mwenye ndevu na msichana mwenye sweta ya kijani, miguuni soksi tu kama sote. Kwa giza lile sura zao sikuzisoma, nikadhani ni wageni wa Kilonzo kutoka Kista. Kilonzo, alivyokuja kuniambia baadaye, alidhani ni wateja wangu. Haji alidhani ni majirani. Kila mtu alidhani wana mwenyewe. Mama Salma akawapa kahawa, kijana akakikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili, wala hakukipeleka mdomoni.

Picha ya kwanza ikatokea, barabara imejaa magari ya kukokotwa na watu. Nikasema, hapa tuko Bangkok.

"Kalkuta," akasema yule msichana. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuokotea leso.

Nikacheka, nikasema naam, Kalkuta, miji ni mingi. Nikatafuta la kuongeza sikuliona. Ndipo akaanza kunisaidia. Aliongea Kiswidi cha polepole, na sote pale Kiswidi tunakijua. Akasema katika mtaa ule ndipo mmoja wao aliharisha mpaka akashindwa kusimama, na mwenye nyumba ya wageni, mzee asiye na meno, alileta maji ya wali kila alfajiri, akakataa kulipwa. Alichotaka ni waimbe wimbo mmoja wa kwao. Wakamwimbia. Naye akalia, ingawa wimbo ulikuwa wa kulewea.

Watu wakacheka. Mimi nikadandia. "Wimbo huo!" nikasema, nikatikisa kichwa kama ninayeukumbuka.

Ikaja Bangkok ya kweli. Yule kijana naye akasema machache. Walipotea wakakosa mahali pa kulala, mama mmoja muuza tambi akawaunganishia viti vyake vya plastiki, akawafunika kwa kitambaa cha meza. Singapuri walichoka kwa joto, wakashinda ndani ya lifti ya jengo refu kwa sababu mle kuna baridi, juu, chini, juu, chini, na mlinzi akawaacha. Hong Kong walifua nguo juu ya paa, ndege zinashuka karibu mno hata mashati kwenye kamba yanapunga mikono.

Nisikufiche, nilifurahi. Nilijiambia hawa ni watu waungwana, wamesafiri, wameniona nimekwama, wananibeba. Kilonzo mwenyewe alibaki mdomo wazi. Yeye Singapuri yake ilikuwa bwawa la kuogelea tu. Haji Kasule akanigonga bega gizani, akaniita bwana kwa lugha ya kwao, "Ssebo, kumbe umeishi."

Neno moja lilinipita wakati ule. Mimi nilikuwa nasimulia kwa Kiswahili. Wale wawili walikuwa wanafuata kila neno, na kunijibu, na kunisahihisha. Nani aliwafundisha?

Nikabonyeza tena. Ukutani akatokea Olle, anakula tambi.

Nilidhani moja imeniponyoka kwenye ule mfuko. Nikabonyeza haraka. Karin, kwenye ngazi za treni. Nikabonyeza. Wote wawili, jasho tupu, wanacheka. Picha nilizozichambua kwa mkono wangu, nilizozisukuma nyuma ya kabati, zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine. Na ukutani Karin alikuwa na sweta ile ile ya kijani, ameifunga kiunoni.

Wageni wakatazama ukuta, wakatazama benchi.

"Kumbe mlienda wanne?" akauliza Kilonzo. "Sasa wewe mbona hauko hata kwa moja?"

Nikasema mimi ndiye niliyekuwa napiga picha. Uongo wa mwisho huo, na mwepesi kuliko yote.

Mashine ikabonyea yenyewe. Naapa sikuigusa, mikono yangu ilikuwa magotini. Ikatokea picha ya kinyozi wa barabarani, ametundika kioo kwenye mti. Olle amekaa mbele, sabuni mashavuni. Na ndani ya kioo, nyuma ya bega lake, tulimwona wazi anayepiga picha. Alikuwa Karin, kamera jichoni. Kioo chote kilikuwa na watu watatu, na wa tatu alikuwa kinyozi.

Hakuna aliyecheka. Nadhani ningependa wacheke.

Ikabonyea tena. Safari hii ukuta ukawa mweupe kabisa, tukadhani zimekwisha. Halafu macho yakazoea. Lilikuwa ziwa la barafu, mbingu ya kijivu, gati fupi la mbao. Juu ya gati, zimepangwa vizuri kama mtu anavyopanga akijua atarudi, jozi mbili za viatu vya baridi, kahawia, kamba nyekundu. Kiatu kimoja kamba yake ilikatika, kimefungwa kwa uzi wa katani.

"Hii mama bado hajaiona," akasema yule msichana.

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Alisema kama mtu anayekukumbusha chai yako inapoa.

Balbu ya projekta ikapasuka. Mama Salma akawasha taa. Kwenye benchi hapakuwa na mtu. Mto wa kukalia ulikuwa umelowa pande mbili, na vikombe vyao vya kahawa vimejaa vile vile, juu yake utando mwembamba wa barafu. Ndani ya nyumba, nakwambia, ambamo wengine tulivua masweta kwa joto.

Watu hawakupiga kelele. Walisimama mmoja mmoja kama wanaotoka msibani, wakaelekea kwenye viatu vyao. Kila mtu akachukua vyake. Zikabaki jozi mbili, kahawia, kamba nyekundu. Haji Kasule akainama, akakigusa kile chenye uzi wa katani, maji yakamwagika kwenye soksi zake.

"Mama yupi, Baba Salma?" akauliza mke wangu.

Aliuliza mbele ya wote. Habari za Sundbyberg sikuwahi kumweleza, alijua tu kwamba picha si zetu. Ningeweza kusema sijui. Nilimtazama Kilonzo, nilitaka anidhihaki ili nipate hasira za kunisaidia, lakini naye alikuwa ameshika kofia kifuani. Basi nikasema. Nikasimama kwenye ukumbi wangu mwenyewe, miguu ndani ya maji baridi, nikasema yote. Ngazi za Sundbyberg, simu, takataka, mfuko nyuma ya kabati. Mabweni ya wakata miti pia nikayasema, hakuna aliyeniuliza.

Haji alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye husema taratibu.

"Ssebo," akasema, "wewe unamficha mama picha za mtoto wake aliyekufa. Maiti zetu tutakupaje?"

 Wewe ungemjibu nini?

Kesho yake asubuhi nilipanda treni kwenda kwa Bibi Gunnel. Gari lenye jina langu sikuthubutu kulipeleka pale. Nilibeba boksi, ule mfuko, projekta na vile viatu, nimeviweka kwenye yale mabegi mawili, moja mgongoni na moja kifuani. Abiria walinitazama. Ndiyo safari pekee niliyowahi kufanya na mabegi yale.

Alifungua mlango akayatambua kabla hajanitambua mimi. Nikamwambia kwamba sikutupa kitu, kwamba nilimdanganya, na kwa nini. Sababu zangu, nilipozitaja kwenye mlango ule, zilikuwa ndogo mno, zingeingia ndani ya kijiko. Harusi. Kicheko. Cheo. Akanisikiliza. Alipoviona viatu akaketi kwenye kiti cha ukumbini. Akasema polisi walimrudishia kila kitu, hata kamera, ingawa filamu ilikuwa imeharibiwa na maji. Viatu havikuonekana gatini. Walimwambia huenda viliibwa.

Filamu imeharibika. Ile picha ya gati, basi, ilipigwa na kuoshwa na nani? Nilimpekulia slaidi zote, za boksi na za mfuko. Haimo. Watu kumi na kitu tuliiona, na haimo.

Nikamweleza walivyokuja. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza jambo moja.

"Walikuwa na baridi?"

Nilikwisha apa sitamdanganya tena. Na kweli yenyewe nisingeweza kuitamka. Nikamwambia, "Mke wangu aliwapa kahawa ya moto."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Halafu akaniambia nivue koti, tuzitazame. Nikamweleza balbu imepasuka. Akasema anangoja, amezoea. Nikatoka, nikaenda mjini duka la pili na la tatu mpaka nikaipata ya saizi ile, nikarudi. Tukafunga mapazia. Na kila picha iliyotokea alinigeukia akauliza, Karin alisema nini hapa? Nikamsimulia maji ya wali na wimbo wa kulewea, viti vya muuza tambi, lifti, mashati yanayopunga. Akacheka kwenye lifti. Akasema Olle tangu zamani alikuwa hawezi joto. Mimi niliyeiiba safari ile ndiye niliyebaki mtu wa kuisimulia, maana walionisimulia hawapo.

Toka siku hiyo, kila Jumapili ya pili ya Desemba nakwenda kwake. Siongezi neno, sipunguzi. Nikikosea mji, najisahihisha mwenyewe kabla sijasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

Viatu alivizika kwenye kaburi lao majira ya kuchipua, ardhi ilipolainika. Lakini ukumbini kwangu, mahali vilipokuwa, sakafu imebaki na alama mbili za maji. Nimebadilisha mbao, zimerudi. Mama Salma amekataa niweke zulia juu. Nikialikwa mahali siku hizi nahesabu viatu kwanza, halafu watu, na hesabu zisipolingana siketi. Mweka hazina wa chama, ukitaka kujua, ni Mama Salma. Alichaguliwa kwa sauti moja, na Kilonzo ndiye aliyemtaja.

Basi nikuase, wewe unayesoma. Ukiingia nyumba ya marehemu kwa halali, chukua kitanda, chukua vyombo, chukua hata koti ukalivae. Safari yake usiivae. Mwenyewe atakuja kukaa karibu nawe, atakusaidia kuisimulia, tena kwa upole, na upole ule hutauweza.

Watu wanapenda kuniuliza, wewe bwana wa hesabu, mambo yale yalikugharimu kiasi gani? Jina langu sijui bei yake, wala cheo sikukishika nikajua uzito. Bibi Gunnel alitaka kunilipa kwa kumtolea vitu, nikakataa, na mabegi alinirudishia bure, yako ukumbini, sasa yamekauka. Nilicholipa kwa mkono wangu, dukani, ni balbu moja ya projekta. Kroni themanini na saba na öre hamsini.